Karanga ya Mbinguni na Saa Iliyoandikwa Vibaya

Muhula uliopita katika mjadala wa chama chetu, mwenzangu mmoja wa kidato cha nne alisimama kidete akasema ati Kiswahili ni lugha ya mashairi na ya sokoni tu. Ukikipeleka kwenye maabara kitakwama mlangoni. Alipigiwa makofi, na viranja wakiwa wa kwanza! Mimi nilikuwa upande wa upinzani. Nilijibu, lakini jibu langu lilikuwa maneno matupu, na tukashindwa kwa kura kumi na mbili. Tulipokuwa tukirudisha viti, mlezi wa chama alinitazama akasema, "Basi lete hiyo sayansi yako kwa Kiswahili tuione." Ndiyo hii.

Nimechagua jambo ambalo limenikera tangu nikiwa na miaka minane. Mwezi wa Januari mwaka wa 2017 mjomba wangu alirudi nyumbani na habari kwamba wataalamu wa Marekani wamesema nyota mbili zilizo katika kundi la Cygnus zitagongana na kuungana mwaka wa 2022. Nyota hiyo, ambayo haionekani bila darubini, ingeng'aa ghafla mara elfu kumi, hata mtu aliyesimama uani kwake aione kwa macho matupu. Nilimhesabia nyanya kwa vidole: miaka mitano. Nyanya akasema akijaliwa uhai tutaitazama pamoja.

Mwaka wa 2022 ukafika, nikiwa mtahiniwa wa darasa la nane. Nilikuwa naamka saa kumi na moja alfajiri kudurusu, na kabla ya kufungua kitabu nilitoka nje kwanza. Mwezi wa Aprili na Mei, saa kama hiyo, Cygnus huwa imesimama upande wa kaskazini, katikati ya upeo wa macho na utosi, nayo ina umbo la msalaba. Nyanya alitoka pia, amejifunga leso mbili kwa sababu ya baridi ya Nyahururu. Tulitazama. Hakuna kitu. Kuanzia Agosti msalaba ule ulihamia jioni, nasi tukahamia nao, saa tatu usiku baada ya chakula. Hakuna kitu. Mwaka ukaisha, mtihani nikaufanya, na nyanya akaniuliza, "Hiyo nyota yako imekufa ama imekataa kufa?" Nilikosa la kumjibu. Niliona haya kama kwamba mimi ndiye niliyemdanganya.

Jibu nimelipata mwaka huu, nikiwa kidato cha tatu, na ni tamu kuliko nilivyodhania. Lakini huwezi kulielewa kabla hujajua hizo nyota ni za namna gani, kwa hiyo nivumilie kidogo.

Jua letu linakaa peke yake, lakini nyota nyingi huishi mbili mbili, zikizungukana kwa nguvu ya mvuto. Nyingi ya jozi hizo zimekaa mbalimbali kama majirani wenye ua katikati. Ziko nyingine, hata hivyo, zilizosogeleana mno hadi zikagusana. Gesi ya hii imefurika ikachanganyika na gesi ya ile, na sasa zote mbili zimejifunika blanketi moja. Jozi mashuhuri ya aina hii inaitwa W Ursae Majoris. Iligunduliwa na Müller na Kempf huko Potsdam, Ujerumani, mwaka wa 1903. Nyota zake huzungukana mara moja kila baada ya saa 8. Hebu fikiria! Dunia inahitaji mwaka mzima kulizunguka jua, lakini hizi, ambazo kila moja ni jua, zikianza kengele ya saa mbili asubuhi zinakuwa zimemaliza mzunguko kengele ya saa kumi inapotutoa darasani.

Sasa swali. Hakuna anayeona nyota mbili pale. Hata ukitumia darubini kubwa utaona nukta moja tu ya mwanga. Wanajuaje basi kuwa ni mbili, tena zinagusana?

Chukua karanga yenye punje mbili, ikiwa bado ndani ya ganda. (Kama huna, muulize mama anayeuza karibu na lango, na usinitaje.) Inyoshe mbele ya dirisha, ubavu ukielekea kwako. Unaona umbo la nane, upana wote. Sasa izungushe robo ili ncha ikuelekee. Unaona duara moja dogo. Punje ya mbele imeificha ya nyuma. Robo nyingine, unaona ubavu tena. Robo nyingine, ncha ya pili. Kama ganda hilo lingekuwa linawaka, ungepata mwanga mwingi, kidogo, mwingi, kidogo, kisha mzunguko umekwisha. Ukichora mwanga huo kwenye karatasi ya grafu, wakati ukiwa mstari wa chini na mwangaza ukiwa mstari wa kusimama, utapata vilima viwili na mabonde mawili kwa kila mzunguko. Huo mchoro ndio grafu ya mwanga, na ndiyo barua pekee tunayopokea kutoka kwa nyota hizo.

Umbo la barua hiyo linasema mengi. Nyota mbili zilizo mbalimbali huchora grafu tambarare yenye kushuka ghafla pale moja inapoipita nyingine. Algol ndiyo mfano unaojulikana zaidi: inakaa imetulia, halafu kila baada ya siku 2 na saa 21 hivi inafifia kwa saa chache. Kijana wa Uingereza, John Goodricke, ambaye hakuwa akisikia, ndiye aliyepima kipindi hicho na kutoa wazo mwaka wa 1783 kwamba huenda kitu kingine kinapita mbele yake. Alikuwa na miaka 18! Nilipolisoma hilo nilifunga kitabu kwa muda.

Nyota zinazogusana hazina tambarare kamwe. Mwanga wake unapanda na kushuka bila kupumzika, kama mawimbi, kwa sababu karanga haiachi kugeuka. Tena mabonde yake mawili yana kina kinacholingana karibu sawa. Hapo ndipo wataalamu waliposhangaa, kwa maana kwa kawaida moja kati ya nyota hizo huwa kubwa na nzito, nyingine ndogo. Ungetarajia ile ndogo iwe baridi zaidi, na bonde moja liwe la kina kifupi. Jibu ni lile blanketi. Joto linapitishwa kutoka kwa kubwa hadi kwa ndogo ndani ya gesi wanayochangia, hata ngozi yote ikawa na joto moja hivi. Mara nyingine kilima kimoja kinakuwa kifupi kuliko mwenzake. Sababu inayotajwa mara nyingi ni madoa meusi kwenye uso wa nyota, mfano wa madoa ya jua letu lakini makubwa zaidi.

Hayo ni ya umbo. Siri kubwa imo katika saa.

Mwaka jana nilikuwa mpiga kengele wa shule. Wenye kumbukumbu watanikumbuka kwa ubaya, maana kulikuwa na lawama kwamba nawaibia dakika za mapumziko. Nilikuwa nategemea saa ya ukutani iliyo katika chumba cha walimu. Ili nijitetee nilianza kuipima. Kila Jumatatu nilisimama kwenye lango nikisikiliza redio ya mlinzi, na milio ya saa moja kamili ikilia, naweka saa yangu ya mkononi sawa, halafu nakimbia kulinganisha. Jumatatu ya kwanza saa ya ukutani ilikuwa imechelewa sekunde 20. Ya pili 40, ya tatu 60, ya nne 80. Ukichora hayo, unapata mstari ulionyooka unaoshuka. Maana yake si kwamba saa inazidi kuharibika. Inakimbia polepole kuliko inavyopaswa, lakini kwa kiasi kile kile kila wiki.

Kuanzia wiki ya tano mambo yakabadilika: 105, 135, 170, 210. Angalia nyongeza: 25, 30, 35, 40. Mstari umeacha kunyooka, umepinda kama upinde. Hapo sasa mwendo wenyewe wa saa ulikuwa unabadilika, na kweli betri ilikuwa inakufa. Wakati huo wote, ungeitazama ile saa kwa macho usingeona lolote. Akrabu zilizunguka tu.

Wanaanga hufanya hivyo hivyo. Jozi ya nyota ni saa, na kila bonde la mwanga ni mlio wa kengele. Wanahesabu kengele inayofuata inapaswa kulia lini, wanangoja, wanaandika ililia lini hasa, kisha wanatoa: wakati ulioonekana, toa wakati uliohesabiwa. Wakipata sifuri kila mara, hesabu yao ya kipindi ni sahihi. Wakipata mstari mnyoofu uliolala upande, walikosea kipindi kidogo tangu mwanzo. Wakipata upinde, kipindi chenyewe kinarefuka au kinafupika.

Uzuri wa njia hii ni kwamba makosa madogo hujilimbikiza. Ile jozi yangu ya Cygnus inaitwa KIC 9832227. Kipindi chake ni saa 10 na dakika 59 na sekunde kadhaa. Kwa mwaka mmoja inazunguka karibu mara 800. Ukikosea kipindi kwa sekunde moja tu, mwisho wa mwaka kengele yako italia dakika 13 nje ya wakati. Sekunde moja haipimiki kwa urahisi, lakini dakika 13 hata mimi naziona. Ndiyo maana vipimo vya zamani ni dhahabu: kadiri vilivyo vya kale, ndivyo vinavyokamata badiliko dogo zaidi. Kumbuka neno hilo, tutalirudia.

Kipindi hubadilika kwa nini? Sababu mojawapo ni kupeana gesi. Nyota kubwa ikiimwagia ndogo, zinasogeleana na mzunguko unafupika. Ndogo ikiimwagia kubwa, zinaachana kidogo na mzunguko unarefuka. Nyingine ni upepo. Nyota hizi hurusha gesi nje kama jua letu, na usumaku wake huishika gesi hiyo na kuizungusha mbali, ikipokonya jozi nguvu ya mzunguko. Polepole zinakaribiana. Halafu kuna sababu ya tatu, ambayo ni ya hila, maana kipindi hakibadiliki hata kidogo, kinaonekana tu kubadilika. Chukulia rafiki yako anapiga ngoma mara moja kila dakika huku akitembea kuteremka bondeni, kisha akirudi kwako. Anapokwenda mbali mdundo unachelewa kukufikia, anaporudi unawahi. Mkono wake haujakosea. Vivyo hivyo, jozi nyingi zina nyota ya tatu inayozivuta mbele na nyuma, na mwanga wake huchelewa na kuwahi kwa zamu.

Je, zinaweza kweli kukaribiana hadi ziungane? Ndiyo, na tuna ushahidi. Mwezi wa Septemba mwaka wa 2008 nyota ilichomoza ghafla katika kundi la Nge, ikaitwa V1309 Scorpii. Kwa bahati njema mradi wa Wapolandi uitwao OGLE, wenye darubini huko Las Campanas nchini Chile, ulikuwa ukipiga picha sehemu ile ya anga kwa miaka kadhaa kwa shughuli nyingine. Romuald Tylenda na wenzake wakafungua kumbukumbu hizo, na mwaka wa 2011 wakatangaza walichokiona. Kabla ya mlipuko kulikuwa na jozi ya kugusana yenye kipindi cha siku 1.4 hivi, na kipindi hicho kilikuwa kikifupika, tena kikizidi kuharakisha kufupika. Hata grafu ya mwanga ilibadilika sura. Mwanzoni ilikuwa na vilima viwili kwa kila mzunguko, lakini kufikia mwaka wa 2007 kilikuwa kimebaki kimoja. Kisha mlipuko. Jozi haikuonekana tena. Kilichobaki ni nyota moja. Karanga ilikuwa imekuwa njugu.

Sasa turudi kwa nyanya na leso zake mbili.

Larry Molnar, mwalimu katika chuo cha Calvin, Michigan, aliona kwamba vipindi vya KIC 9832227 vinafupika kwa mtindo ule ule wa V1309. Alikuwa na vipimo vyake mwenyewe na wanafunzi wake, alikuwa na vya chombo cha anga cha Kepler kilichoitazama sehemu hiyo tangu 2009 hadi 2013, na alikuwa na vya kale zaidi vya mwaka wa 1999. Alipovichora vyote, upinde ulikuwa unatumbukia kama ndoo kisimani, na chini ya kisima paliandikwa 2022. Akatangaza mbele ya ulimwengu, akawaalika wengine wapime wenyewe. Nadhani huo ni ujasiri. Mtu anayesema "siku moja nyota hii italipuka" hawezi kushindwa. Anayetaja mwaka anaweza.

Akashindwa. Mwaka wa 2018 mwanafunzi wa chuo kikuu cha San Diego State, jina lake Quentin Socia, pamoja na mwalimu wake William Welsh na wenzao, walipata picha za mwaka wa 2003 ambazo hakuna aliyekuwa amezitumia kwa jambo hili. Zilipigwa na mradi mwingine wa kutafuta sayari. Walipima kengele ya 2003, na haikukaa juu ya ule upinde. Basi wakaanza kuuliza, ni nani anayesema uongo? Wakarudia vipimo vyote vya kale kimoja kimoja, na walipofika mwaka wa 1999 wakakuta tofauti ya karibu saa moja. Katika maandishi ya awali kuhusu vipimo hivyo, wakati wa kupatwa ulikuwa umeandikwa vibaya kwa saa 12.

Saa 12! Hapa nilicheka peke yangu mpaka mwalimu wa Fizikia, aliyekuwa amenitafutia habari hii kwenye intaneti, akaniuliza kuna nini. Sisi watumiaji wa Kiswahili ndio wenye uzoefu wa mambo haya. Nani kati yetu hajakosa miadi kwa sababu mmoja alisema saa mbili na mwingine akasikia 2.00? Wanaanga nao wana hesabu yao ya siku inayoanzia adhuhuri badala ya usiku wa manane, kwa hiyo nusu siku ni shimo lililo wazi njiani kwao kila mara.

Lakini mbona kosa la saa 12 lionekane kama la saa moja? Fanya hesabu. Kengele inalia kila baada ya saa 10 na dakika 59. Ukiisogeza kwa saa 12, inakuwa imepita kengele inayofuata kwa saa moja na kidogo. Kwa kuwa kengele zote zinafanana, mwenye kuhesabu atadhani ni ile inayofuata, imechelewa saa moja. Na kwa kuwa 1999 ndiyo nukta ya kale kuliko zote, ile saa moja ilikamata mkia wa grafu nzima na kuupindisha. Kama kipindi cha nyota kingekuwa saa 12 kamili, kosa lisingeonekana wala kudhuru mtu. Nukta moja iliyoandikwa vibaya kabla sijazaliwa ndiyo iliyonitoa kitandani na nyanya yangu alfajiri mwaka wa 2022.

Kipindi cha jozi hiyo kinabadilika kweli, vipimo vya Kepler vinaonyesha. Lakini si kule kutumbukia. Molnar alisoma kazi ya vijana wale akakubali waziwazi kwamba hoja yao ni sahihi. Hayo yote yalichapishwa Septemba 2018. Sisi tulikuja kukodoa macho miaka minne baadaye! Habari ya kwanza ilifika kwetu mbio, ya pili haikupata nauli. Na kwa kuwa nyota hiyo iko mbali, karibu miaka-nuru 1,800, hata ingeungana kama ilivyotabiriwa, tungekuwa tunatazama jambo lililotokea zamani, kabla ya mababu wa mababu.

Jumamosi iliyopita nilimweleza nyanya. Alikuwa akichagua karanga za kukaanga, kwa hiyo vifaa vya maabara vilikuwepo. Nilimwonyesha ubavu, nikamwonyesha ncha, nikamweleza kengele na saa ya ukutani na zile saa 12. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Na yule aliyeandika saa vibaya, alichapwa?"

Nikamwambia hapana, nyanya, walirekebisha tu, wakaandika upya.

"Na yule mkubwa, hakumkasirikia mwanafunzi?"

Nikamwambia alikubali, mbele ya watu.

Akanitazama kwa muda, akaichukua ile karanga yangu ya mfano mkononi mwangu, akaivunja, akanipa punje moja na nyingine akala yeye. Halafu akaniuliza msalaba wenyewe utaonekana tena saa ngapi, akasema niseme kwa Kiswahili.